Siku 154 za S. M. Otieno

Wakili Silvano Melea Otieno alifariki dunia ghafla tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, akatangaza kwamba atamzika Upper Matasia, karibu na Ngong, kwenye shamba lao. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na wazee wa ukoo wa Umira Kager, wakatangaza kwamba anarudishwa Nyalgunga, Siaya. Mwili ukabaki mochwari jijini Nairobi, na mzozo ukaenda mahakamani.

Otieno na Wambui, Mluo na Mkikuyu, walikuwa wamefunga ndoa ya kiserikali mwaka 1963, mwaka wa uhuru. Wambui alitoka katika ukoo wa Waiyaki, na Waingereza walikuwa wamemweka kizuizini kwa sababu ya siasa zake. Hakuwa mwanamke wa kunyamazishwa na wazee.

Maiti haulizwi sanda, lakini hapa kila upande ulidai kwamba marehemu alishajibu. Wambui alisema mumewe alitaka Matasia, na ikishindikana, makaburi ya Langata. Mchimba makaburi kutoka Nyalgunga naye akasimama kizimbani, akaeleza kwamba Otieno alimwambia atazikwa karibu na baba yake. Ajabu ni kwamba wakili huyo, aliyeishi kwa karatasi za sheria, hakuacha wosia wa maandishi.

John Khaminwa, wakili wa mjane, alisema Otieno alikuwa mtu wa kisasa aliyeuacha ukabila nyuma. Richard Kwach, wa upande wa ukoo, akajibu kwamba Mluo hauachi Uluo wake kwa kusoma wala kwa kuoa. Kwa maoni yangu, kesi nzima ililalia maneno mawili ya Kijaluo: ot na dala. Ot ni nyumba tu. Mtu aweza kuwa nazo kumi Nairobi. Dala ni boma, nalo halinunuliwi. Huanzishwa kimila: baba au mzee wa ukoo huongoza, jogoo hubebwa, mtoto wa kiume hushika shoka, mke huleta moto. Matasia hakuna aliyepeleka jogoo. Kwa jicho la ukoo, basi, Otieno alikuwa na nyumba nzuri huko Ngong, lakini kwao kulibaki Nyalgunga.

Mwanzoni mwa Januari jaji mmoja alimruhusu mjane azike. Mahakama ya Rufani ikaizuia ruhusa hiyo. Kesi ikasikilizwa upya mbele ya Jaji Bosire huku umati ukijaa nje ya Mahakama Kuu. Tarehe 13 Februari 1987 aliamua kwamba mila za Kijaluo ndizo zinazotawala maziko hayo, na kwamba ndoa ya 1963 haikuzifuta. Wambui alikata rufaa. Tarehe 15 Mei akashindwa tena.

Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa. Wambui hakuhudhuria.