Dhamana ya Kununuliwa: Tarehe ya Ahadi ya Gari Jipya Huko Marekani

Mtu anunuapo gari jipya katika nchi ya Marekani, akaisha kuafikiana na muuzaji juu ya bei, na rangi, na siku ya kukabidhiwa funguo, haruhusiwi bado kwenda zake, bali huongozwa mpaka chumba kidogo cha ndani, ambamo ameketi karani wa fedha na bunda la karatasi. Na hapo, kati ya sahihi moja na nyingine, huulizwa kama hataki kuongeza dola elfu moja au mbili, na mara nyingine zaidi, ili gari lile lile lililokuwa likisifiwa muda mfupi uliopita kwa uimara wake lipate kutengenezwa bure litakapoharibika baada ya dhamana ya kiwanda kwisha. Swali hilo laonekana dogo, na aghalabu hujibiwa na mtu aliyekwisha kuchoka. Lakini nyuma yake iko tarehe ndefu ya mashauri, sheria na mashindano ya wenye viwanda, na kwa rai yangu asiyeijua tarehe hiyo ni vigumu kutambua anauziwa nini.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, gari lilipokuwa bado ni chombo cha wenye nafasi, ilikuwapo kanuni iliyorithiwa kutoka Uingereza kwamba mwenye kudai sharti awe amefungamana kwa mkataba na yule anayemdai. Na kwa kuwa kiwanda kilimwuzia wakala, na wakala akamwuzia mnunuzi, mwenye kiwanda alikaa mbali na madai yote. Kanuni hiyo ilivunjwa na gurudumu moja la mbao. Gari la Buick likipita karibu na Saratoga Springs, katika jimbo la New York, spoki za gurudumu lake zilisagika, na mwenyewe akatupwa nje akaumia. Ikadhihirika kwamba gurudumu lile lilitoka katika kiwanda kingine, na kwamba Buick walilifunga bila ya kulikagua ukaguzi ambao ungeifichua aibu yake. Mwaka 1916 Mahakama ya Rufani ya New York, kwa kalamu ya Hakimu Benjamin Cardozo, ilihukumu kwamba mwenye kuunda chombo kiwezacho kuhatarisha maisha kikiundwa kwa uzembe ana dhima kwa yule atakayekitumia, ijapokuwa wawili hao hawakupata kuonana wala kuandikiana hati. Walakini hukumu hiyo ilimhusu aliyejeruhiwa. Haikumfaa kitu mtu ambaye gari lake limezimika tu njiani, naye akateremka salama salimini.

Kwa mtu huyo wenye viwanda walikuwa na ahadi yao wenyewe, tena ahadi ya namna moja, iliyotungwa na jumuiya yao na kuchapwa kwa herufi ndogo nyuma ya hati ya kununulia: kwa muda wa siku 90, au kwa maili 4,000, lolote litakalotangulia, kiwanda kitabadilisha kipande chenye ila, ikiwa mnunuzi atakirudisha kwa nauli yake mwenyewe, na kiwanda kikishakitazama na kuridhika nafsi yake kwamba ila imo. Na badala ya fadhila hiyo, mnunuzi alihesabiwa kuwa ameacha haki nyingine zote, zilizotamkwa na zisizotamkwa. Hakuwa na pa kukimbilia, kwa maana viwanda vitatu vikubwa tu vya jumuiya ile, mwaka 1958, ndivyo vilivyounda asilimia 93.5 ya magari ya abiria.

Mwezi wa Mei 1955, katika jimbo la New Jersey, mume na mkewe walinunua Plymouth mpya kwa wakala mmoja wa Bloomfield, gari likiwa ni tunu ya mke. Siku kumi baada ya kukabidhiwa, lilipokuwa limekwenda maili 468 tu, mke alisikia kishindo chini ya boneti, usukani ukamzungukia mikononi, na gari likapinda kulia likaenda kugonga ukuta wa matofali. Sehemu ya mbele ilivunjika hata haikuwezekana kuonyesha ni kipande gani kilichokuwa kibovu, na kiwanda, kikiishikilia karatasi yake, kikasema hakidaiwi ila kipande. Mahakama Kuu ya New Jersey, katika kesi ya Henningsen dhidi ya Bloomfield Motors, iliamua mwaka 1960 kwamba karatasi ile ni batili, kwani mkataba ambao upande mmoja hauna hiari ya kukataa wala ya kwenda kununua kwingine hauwezi kumvua mtu haki ya kupata gari lililo salama kwa matumizi yake.

Msomaji wa pwani aliyewahi kuhudhuria darsa za fikihi hatashangazwa sana na uamuzi huo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu tangu kale, aibu iliyokuwamo katika bidhaa kabla ya kukabidhiwa, ikawa imepunguza thamani yake, humpa mnunuzi hiari ya kuirudisha bila ya kuandikiana sharti lolote, maadamu hakukawia baada ya kuijua; na muuzaji asemaye kwamba anauza pamoja na kila aibu, asirudiwe, hakubaliwi hivi hivi tu, kwa sababu Imamu Nawawi katika Minhaj amemwachia udhuru huo katika mnyama peke yake, na katika aibu ya ndani ambayo muuzaji mwenyewe hakuwa na habari nayo. Gari si mnyama, ingawa wako madereva watakaobisha. Hapo basi mnunuzi alikuwa na haki yake tangu siku ya bayaa, na hakuna aliyefikiri kumtoza fedha kwayo.

Huko Marekani haki hiyo ilipoanza kurudishwa na mahakama, wenye viwanda nao walizindukana, wakaona kwamba ahadi yaweza kuwa mapambo ya biashara. Ford waliitoa dhamana ya miezi 12 au maili 12,000 kwa magari ya mwaka 1961. Chrysler, waliokuwa wamechafukiwa na jina kwa ubovu wa magari yao ya miaka ya nyuma, wakatoka na magari ya mwaka 1963 yenye dhamana ya miaka mitano au maili 50,000 kwa injini, giaboksi na ekseli, na wenzao wakalazimika kuwafuata. Lakini ilikuwa rahisi kuahidi kuliko kutimiza: karakana zilijaa, mawakala walinung'unika kwamba kiwanda hakiwalipi kazi ya dhamana sawasawa, wenye magari wakarudishwa mara kwa mara na kasoro ile ile, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 ahadi zile ndefu zilikuwa zimekunjwa tena.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa sheria iitwayo kwa majina ya Seneta Warren Magnuson na Mbunge John Moss, ambayo Rais Gerald Ford aliitia sahihi mwezi wa Januari 1975. Sheria hiyo haikumlazimisha mtu kutoa dhamana, bali ilimtaka anayeitoa aiandike kwa lugha ya kueleweka, na atangaze wazi kama ni kamili au ina mipaka. Wenye viwanda vya magari, kama ilivyotarajiwa, walishika ile yenye mipaka. Fauka ya hayo iliitenga dhamana ijayo pamoja na bei na mkataba wa matengenezo unaolipiwa mbali, ambao ndio huu uitwao na watu dhamana ya nyongeza.

Tangu hapo biashara ya mikataba hiyo ilinawiri. Mawakala, ambao faida yao juu ya gari lenyewe imepunguzwa na mashindano, waligundua kwamba karatasi hii huwapa faida nono kwa kazi ya dakika chache. Na makampuni yasiyounda hata skrubu moja yakajitwika dhima ya magari ya wengine, mengine yakiwa na bima madhubuti nyuma yao, mengine maneno matupu. Kampuni ya US Fidelis ya Missouri, iliyouza mikataba kwa simu na kwa matangazo ya televisheni, ilifilisika mwaka 2010. Na simu za mashine zenye kuwatisha watu kwamba dhamana ya gari lao inakwisha zilizidi hata, mwaka 2022, serikali ikayaamuru makampuni ya simu kuzizuia.

Ilhali, kwa upande mwingine, Hyundai, ambao magari yao yalikuwa yakidharauliwa Marekani, walitangaza mwaka 1998 dhamana ya miaka kumi au maili 100,000 kwa injini na giaboksi bila ya nyongeza ya malipo. Kiwanda kilichotaka kuaminiwa kilijibebea hatari yenyewe; yule karani wa chumba cha ndani hutaka ibebwe na mnunuzi.

Kwa hiyo mwenye kuulizwa swali lile na aanze kwa kutazama tarehe zilizoandikwa. Mikataba mingi huhesabiwa tangu siku ya kununua gari, si tangu siku dhamana ya kiwanda inapokoma, na kwa kuwa dhamana hiyo mara nyingi ni ya miaka mitatu au maili 36,000, yule anayelipia miaka mitano huwa amenunua miwili tu. Bei yake hupunguzwa kwa mwenye kubishana, na aghalabu hakuna lazima ya kujibu siku ile ile, kwani mikataba ya kiwanda chenyewe huweza kununuliwa baadaye, maadamu dhamana ya kwanza haijaisha. Mimi ningekataa, nikaziweka fedha hizo akiba ya fundi. Lakini mtu asiyekuwa na akiba kabisa, ambaye giaboksi moja ikifa itamkosesha kazi, simlaumu akitia sahihi, ikiwa amekwisha kusoma ni nani hasa atakayemlipa.