Deadly Creatures (mchezo wa video)

Deadly Creatures ni mchezo wa video wa mapigano uliotengenezwa na Rainbow Studios ya Phoenix, Arizona, na kutolewa na THQ mwaka 2009 kwa mashine ya Wii pekee. Mchezaji huwa tarantula na nge kwa zamu katika jangwa la Sonora, huku juu yao wanaume wawili, kwa sauti za Billy Bob Thornton na Dennis Hopper, wakisaka hazina iliyofukiwa. Ubora wake umo katika mahali ulipoyaweka macho ya mchezaji: kisa cha binadamu husikika vipande vipande kutoka miguuni pao, na kila kiumbe huijua ardhi kwa mwili wake. Tarantula hupanda kuta na kurukia windo. Nge huchimba mchanga na kufyeka nyasi kavu kwa magando.

Wakosoaji walilalamika, tena kwa haki, kwamba kamera huyumba ukutani na rimoti huchelewa kuitikia. Hizo ni kasoro za utekelezaji, hazilifuti wazo. Wapo pia wanaowaona viumbe hao kuwa kinyaa tu. Lakini kutowapa maneno wala sura za kibinadamu ndiko kulikoupa mchezo huu nguvu yake, na michezo michache imethubutu hivyo. THQ iliomba ulinzi wa kufilisika Desemba 2012, na mchezo haukupata mwendelezo.