Kura ya Takawiri Iko Wapi? Historia Fupi ya Orodha za Vipindi Bora

Kila Desemba vita ni vile vile. Wahakiki wanatoa orodha za vipindi bora vya runinga vya mwaka, na watazamaji wanakuja juu: mbona kipindi chetu hakimo? Wengi hudhani huu ni ugomvi wa ladha. Mimi ni mtu wa kuandika programu, na naona hapa kuna suala la hesabu. Hebu tufuate historia yake, kisha tuipeleke Takawiri, kisiwa kilicho kati ya Rusinga na Mfangano, Kaunti ya Homa Bay.

Tuanze mwaka 1990. Mwingereza Col Needham, naye mwandishi wa programu, alianzisha hifadhidata ya filamu iliyokuja kuitwa IMDb. Humo watazamaji hutoa alama 1 hadi 10. Mwaka 1998 ikaja Rotten Tomatoes, inayohesabu ni asilimia ngapi ya wahakiki waliopenda. Mwaka 2001 ikafuata Metacritic, inayotafuta wastani wa alama za wahakiki, na wengine kati yao hupewa uzito zaidi ya wenzao.

Tayari mnaona tatizo. Kipindi ambacho kila mhakiki anakiona "kizuri kiasi" kinapata asilimia 100 kwa Rotten Tomatoes, lakini Metacritic kinabaki katikati. Kipindi ni kile kile, hesabu ndiyo tofauti!

IMDb nayo ilikuwa na fomula yake ya kuzuia kura chache zisipotoshe orodha: kipindi chenye kura chache huvutwa kuelekea wastani wa vyote. Tuchukue mfano wa kubuni. Wastani wa vyote uwe 7, na uzito wake uwe sawa na kura 1,000. Kipindi chenye kura 100 za wastani wa 9.5 kitashuka hadi 7.2. Kile chenye kura 100,000 za wastani wa 9 kitabaki karibu 9. Fomula ni ya busara, ila inawafaa walio wengi mtandaoni.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya KTN kuanza mwaka 1990, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kupanga. Ushindani ukaja baadaye. Papa Shirandula ilianza Citizen TV mwaka 2007, marehemu Charles Bukeko akiigiza bawabu anayemficha mkewe kazi yake. Mwaka 2009 zikaanza tuzo za Kalasha, zinazochanganya majaji na kura za umma. Malalamiko nayo hayakukosa: je, mshindi ni aliye bora, au mwenye mashabiki wengi wa kupiga kura?

Lakini nani hupiga kura hizo? Fikirieni mvuvi wa omena. Kazi yake ni usiku wa giza, kwa taa, katikati ya ziwa, saa zile zile ambazo vituo huweka vipindi vyao vikubwa. Mwezi ukiwa mpevu, omena hawavutwi vizuri na taa, naye anaweza kubaki nchi kavu akatazama. Ukihoji watu kisiwani wiki moja utapata jibu moja, na wiki mbili baadaye jibu jingine. Tena watu ishirini wakikaa mbele ya runinga moja, hesabu ya mtandaoni itaona akaunti moja, au isione hata moja.

Hili si dogo. Matangazo ya biashara hufuata namba, na fedha za kutengeneza vipindi hufuata matangazo. Asiyehesabiwa hatengenezewi kipindi.

Kwa hiyo Desemba ijayo, kabla ya kugombana kuhusu nambari moja, ulizeni maswali mawili: fomula ni ipi, na ni nani hakuulizwa? Haya wadau, tupeni maoni. Kwenu mnatazama nini?