Mbuzi, Undugu na Matoka

Kabla ya kuja kwa Wazungu, Mkikuyu aliyetaka makao katika misitu ya Kiambu aliwaendea Wadorobo, wawindaji wa misitu ile, akawatolea mbuzi. Lakini mbuzi peke yao hawakutosha. Ardhi haikuuzwa kwa mgeni. Kwa hiyo mnunuzi na muuzaji walifanywa kwanza kuwa ndugu kwa sherehe, ndipo bei ikazungumzwa. (Kudai deni kwa ndugu si kazi nyepesi!) Kisha wazee waliizunguka mipaka, kondoo akachinjwa, na mipakani yakapandwa maua yaitwayo matoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa hati yao.

Mwaka 1915 sheria ya kikoloni iliihesabu ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Tume ya Morris Carter ilipoundwa mwaka 1932 kuchunguza madai ya ardhi, Wakikuyu waliieleza habari za mbuzi wale. Ripoti ya 1934 ilikiri kwamba malipo yalikuwako, ila ikasema nguvu na hila zilitumika pia. Nionavyo mimi, kuyapima hayo kulikuwa kugumu, maana Wadorobo wengi walikuwa wamekwisha kuingia katika koo za Wakikuyu kwa undugu ule ule. Muuzaji na mnunuzi walikuwa watu wa mlango mmoja.