Amepasuliwa, msimwambie "lala tu": oksijeni na mapafu

Juzi tulikwenda wodini kumwona shangazi, kapasuliwa tumbo. Ndugu waliotoka Tarime na wa hapa Serengeti wote wanamwambia, "Lala, usijisumbue." Nesi akaja, akamkalisha kitako, akamwambia akohoe. Watu wakanuna! Mimi nikaenda kafe kusoma. Nilichopata ni hiki.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, nyingi iliyobaki ni naitrojeni. Mtu akipigwa nusu kaputi, pumzi inakuwa ndogo na vifuko vya hewa mapafuni vinaanza kusinyaa. Kwa hiyo anaongezewa oksijeni, na kidoleni anabanwa kile kidude cha kusoma oksijeni ya damu. Wazo lake ni la Mjapani Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 hadi 100. Ikishuka chini ya 90, hatari.

Kidude hicho kimo kwenye orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji ya mwaka 2008. Ifakara yetu ilikuwa moja ya sehemu 8 duniani zilizoijaribu. Kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Je, oksijeni nyingi zaidi ndiyo bora? Hapana, si lazima. Naitrojeni husaidia vifuko vibaki wazi. Oksijeni tupu hunywewa na damu haraka, vifuko vikasinyaa. Mwaka 2016 WHO ilipendekeza asilimia 80 kwa waliowekewa mpira wa kupumulia, ili vidonda visiingie vijidudu. Lakini utafiti wa Denmark wa 2009, wagonjwa 1,400 wa tumbo, haukuona tofauti ya maana kati ya 80 na 30, si kwa vidonda wala kwa mapafu. Wataalamu bado wanabishana.

Sisi ndugu tufanye nini? Kabla ya upasuaji, mgonjwa aache sigara mapema na aseme kama ana kikohozi au pumu. Baada ya hapo, daktari akiruhusu, akae, avute pumzi ndefu, akohoe huku kashikilia mto juu ya kidonda, atembee kidogo kidogo. Akilala tu, makohozi yanaganda, nimonia inaingia. Mkiona homa, pumzi za haraka, kifua kuuma au midomo kuwa ya bluu, mwite nesi hapo hapo.

Shangazi jana katembea hadi mlangoni. Walionuna ndio waliomshika mkono.