Korona ya kuku, ya panya na ya mvulana wa shule

Mfugaji wa kuku wa kisasa anaijua chanjo ya kideri. Ni wachache wanaosoma kibandiko cha chupa hadi mwisho. Mara nyingi humo ndani imechanganywa chanjo ya pili, ya bronkaitisi ya kuambukiza, ugonjwa unaowakohoza vifaranga na kuyafanya mayai yatoke na maganda mabovu. Ugonjwa huo huletwa na kirusi cha korona, na ulielezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1931, miaka 88 kabla ya Wuhan.

Hata hivyo, kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwamba kirusi hicho kina ndugu zake kwa binadamu. Aliyeuona undugu huo ni June Almeida, na hakuwa na shahada.

Alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1930, binti wa dereva wa basi. Akiwa na miaka kumi alimpoteza mdogo wake wa kiume kwa dondakoo. Alipofika 16 aliacha shule, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha za chuo kikuu, akaajiriwa kama fundi wa maabara hospitalini, kazi yake kuchunguza vipande vya nyama za wagonjwa kwa hadubini. Baadaye alihamia London, akaolewa na msanii kutoka Venezuela, Enriques Almeida, kisha wakaenda Canada. Huko Toronto, katika taasisi ya saratani ya Ontario, ndipo alipokabidhiwa hadubini ya elektroni.

Chombo hicho kina nguvu ya ajabu, lakini kirusi ni kidogo mno na hakina rangi. Mwonaji asiye makini hupoteza siku nzima akitazama takataka za seli. Mbinu aliyoiboresha Almeida ilikuwa ya kuongeza chumvi ya metali nzito kwenye sampuli. Fikiria sahani yenye punje chache za mchele, ukaimwagia wino: wino hujaa pembeni mwa punje, nazo hubaki nyeupe. Kisha akaongeza hila ya pili. Alitia kingamwili zinazokitambua kirusi anachokitafuta, nazo zikavikusanya virusi mahali pamoja kama siafu juu ya mfupa. Kirusi kimoja kilichotawanyika ni vigumu kukiona. Rundo halifichiki.

Mwaka 1964 alirudi London, hospitali ya St Thomas'. Wakati huo, karibu na mji wa Salisbury, Dk. David Tyrrell aliongoza kituo cha utafiti wa mafua ya kawaida, ambako watu wa kujitolea walilazwa na kulishwa bure kwa sharti la kutiwa makamasi ya wengine puani. (Walikuwepo waliorudi zaidi ya mara moja; waliihesabu kuwa likizo.) Sampuli moja ilimsumbua Tyrrell. Iliitwa B814, na ilitoka puani mwa mvulana wa shule ya bweni mwaka 1960. Ukiwapa watu, wanaugua mafua. Ukiipanda kwenye seli za kawaida za maabara, kimya. Ilikubali kuota tu kwenye vipande vya koromeo la binadamu.

Tyrrell alimpelekea Almeida sampuli hiyo bila matumaini makubwa. Almeida akaviona virusi: viduara vilivyozungukwa na miale mifupi. Na hapo ndipo panaponifurahisha zaidi katika kisa hiki, kwa sababu hakushangaa. Alikwisha kuviona vya namna hiyo mara mbili, kwa kuku wenye bronkaitisi na kwa panya wenye homa ya ini. Alikuwa hata ameandika makala, ikakataliwa. Wapitiaji walisema hizo ni picha mbaya tu za virusi vya influenza. Picha za B814 zilichapishwa mwaka 1967.

Ilibaki kutafuta jina. Ile miale iliwakumbusha Almeida na wenzake taji, ambalo kwa Kilatini ni corona. Novemba 1968 jarida la Nature lilichapisha barua fupi ya wanasayansi wanane kuhusu kundi jipya la virusi, na miongoni mwao walikuwamo wataalamu wa magonjwa ya kuku. Kwa hiyo neno tulilolizoea mwaka 2020, hata likaingia ndani ya kifupisho chetu cha UVIKO, lilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne.

Almeida hakuishia hapo. Alipiga picha za kirusi cha rubela, akachambua umbo la kirusi cha homa ya ini B, na mwishowe akapewa shahada ya udaktari wa sayansi kwa maandiko yake. Alipostaafu akafundisha yoga. Alifariki Desemba 2007. Aprili 2020 Waziri Mkuu wa Uingereza, Boris Johnson, alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi kwa ugonjwa wa korona. Hospitali yenyewe ni St Thomas'.