Somo la Historia: Mtoto Mgonjwa na Mlango wa Shule

(Limepigwa chapa kama lilivyosomwa katika redio, kwa matumizi ya madarasa ya watu wazima.)

Mwalimu wa darasa, tafadhali angalia kama kila mtu ana karatasi na kalamu, maana mwisho wa somo tutaandika.

Somo la leo limetokana na swali. Juma lililopita nilikuwa Hasamba, huku kwetu Mbozi, karibu na Vwawa, nikitembelea darasa la watu wazima. Tulikuwa tumemaliza hesabu. Mama mmoja akasimama akasema: "Mwalimu, mimi sielewi. Serikali yatuambia mtoto asikose shule. Akikosa, mtendaji anabisha hodi. Lakini mwanangu akishikwa na upele, shule hiyo hiyo yamrudisha nyumbani. Sasa tushike lipi?"

Darasa zima lilicheka, lakini hakikuwa kicheko cha dharau. Karibu kila mzazi pale alikuwa amekwisha kujiuliza jambo hilo. Nilimjibu, "Mama, nipe juma moja." Basi jibu lenyewe ndilo hili.

Amri ya kumtenga mgonjwa ni ya zamani kuliko shule. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, mtu akipata ndui alijengewa kibanda mbali na watu. Aliyempelekea chakula alikuwa mtu aliyekwisha kuugua ndui akapona, kwa maana wazee waliona kwamba ndui haimrudii mtu mara ya pili. Hawakuwa na darubini ya kuonea vijidudu, lakini walikuwa na macho na kumbukumbu. Ugonjwa huo leo haupo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba ndui imekwisha duniani kote, na kilichoimaliza ni chanjo, pamoja na kazi ya kuwatafuta wagonjwa na kuwatenga.

Kisha zikaja shule. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892. Huku kwetu Wamoraviani walianza kituo chao cha Mbozi mwaka 1899. Watoto ambao zamani walicheza wachache wachache, kila mji na wake, sasa waliketi pamoja katika chumba kimoja. Penye watoto hamsini katika chumba kimoja, surua haina safari ndefu. Kwa hiyo mwalimu naye alihitaji amri ile ya wazee: mgonjwa akae mbali.

Amri ya pili, ile ya mtoto asikose shule, ni changa zaidi. Mwaka 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliazimu kwamba watoto wote wa umri wa shule waingie darasani. Azimio hilo lilitimizwa kuanzia mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfunga mzazi kumwandikisha mtoto wake na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Kabla ya hapo watoto wengi hawakupata nafasi kabisa. Tangu hapo kukosa shule likawa jambo la sheria.

Hapo ndipo amri mbili zinapogombana. Wala sisi si watu wa kwanza kuona ugomvi huo. Hebu sasa twende mbali kidogo, mpaka mji wa New York, Marekani, mwaka 1902.

New York wakati ule ulijaa watu maskini waliohamia kutoka nchi nyingine. Sheria ya kule nayo iliwataka watoto wasome. Madaktari walipita shuleni wakiwatazama watoto. Aliyeonekana na ugonjwa wa macho, au mapunye, au upele, au chawa, aliambiwa, "Toka, nenda nyumbani." Madaktari walidhani wamefanya kazi nzuri. Lakini huko nyumbani hakukuwa na dawa, wala mtu wa kueleza. Watoto wale walicheza barabarani na wenzao, wakawaambukiza huko huko. Katika mwezi wa Septemba 1902 peke yake watoto walirudishwa nyumbani mara 10,567.

Ndipo alipoletwa muuguzi mmoja, Bibi Lina Rogers, mzaliwa wa Kanada. Alipewa shule 4 zenye watoto karibu 10,000. Yeye hakusimama mlangoni kuwafukuza. Ugonjwa mdogo aliutibu pale pale shuleni, na mtoto akarudi kwenye kiti chake. Ugonjwa mkubwa aliufuata nyumbani, akakaa na mama wa mtoto, akamwonyesha namna ya kusafisha na kupaka dawa. Wakuu wa mji walipoona matokeo wakaongeza wauguzi wengine. Septemba 1903 waliorudishwa nyumbani walikuwa 1,101. Wanafunzi, someni tena namba hizo mbili, kisha toeni ya pili katika ya kwanza. Jibu lenu ni hesabu ya mara ambazo mtoto alibaki darasani.

Mimi nilipolisoma jambo hilo chuoni nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nilimkumbuka mama yangu.

Nilipokuwa darasa la kwanza nilipata mapunye kichwani. Shule, ambayo sitaitaja, ilinirudisha nyumbani na kikaratasi. Mama alikitazama kikaratasi kile, akakikunja, akakiweka juu ya kabati. Hakujua kusoma, na mimi nilikuwa bado na a, e, i, o, u. Akaamini kwamba nimefukuzwa. Alinipaka mafuta ya taa, yakaniunguza ngozi, mapunye yakabaki. Zaidi ya majuma matatu nilichunga mbuzi nikiwatazama wenzangu wakipita na madaftari yao. Siku moja mjomba alikuja kutusalimu, akakisoma: "Apelekwe zahanati. Akianza dawa arudi shule." Maneno sita na nusu, kama alivyosema mjomba kwa mzaha. Mama hakucheka.

Simlaumu mwalimu aliyeandika kile kikaratasi. Aliandika lililo sawa. Lakini hakuuliza ni nani atakayekisoma.

Tuendelee. Kwa miaka mingi katika nchi zetu kazi ya afya shuleni ilikuwa kumkagua mtoto: kucha, nywele, meno, sare. Kupeleka tiba yenyewe shuleni kwa mamilioni ya watoto ni jambo la karibuni, na lilianza sana kwa minyoo. Mwaka 1998, katika wilaya ya Busia, nchi ya Kenya, shule 75 ziliingizwa katika mpango wa dawa za minyoo, kwa zamu, kundi baada ya kundi. Wachunguzi waliokuwa wakihesabu mahudhurio waliandika mwaka 2004 kwamba katika shule zilizopata dawa, kukosa shule kulipungua kwa robo moja. Wataalamu wengine baadaye walibishana nao juu ya hesabu zile, na ubishi haujaisha. Lakini kwamba minyoo hunyonya damu ya mtoto na kumlegeza, hapo hakuna ubishi.

Hapa Tanzania mpango wa namna hiyo ulienea katika miaka ya 2000. Wengine wenu mmeona watoto wakisimamishwa mmoja mmoja kando ya mti wenye alama, wakipimwa urefu ili ijulikane wameze vidonge vingapi vya kichocho. Chanjo nayo imefuata njia hiyo. Tangu mwaka 2018 chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi imetolewa kwa wasichana nchini kote, wengi wao wakiipata shuleni.

Hata hivyo minyoo hurudi ikiwa nyumbani hakuna choo. Wazee wanaonisikiliza watakumbuka mwaka 1973, masomo ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, kama mlivyokusanyika sasa, wakasikiliza, wakasoma, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo.

Sasa kuna mtoto wa namna nyingine, ambaye huondolewa shuleni bila sababu yo yote. Huyo ni mtoto mwenye kifafa. Mwaka 1960 daktari mmoja, Bibi Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa huko Mahenge. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto. Walianguka motoni, na walio karibu waliogopa kuwashika, wakidhani mate yao huambukiza. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa kukaa dawati moja. Mtoto akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu kinywani. Apate dawa zake kila siku, naye atasoma. Kadhalika mtoto mwenye virusi vya Ukimwi hawaambukizi wenzake kwa kukaa nao, na sheria ya mwaka 2008 inakataza kumbagua.

Mara moja, nasi tunakumbuka sote, shule zote zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa. Hiyo ilikuwa Machi 2020, wakati wa Korona. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Watoto walijua siku ya kurudi, maana ilitangazwa redioni.

Basi mama yangu wa Hasamba, jibu langu ni hili. Shika amri zote mbili, lakini kila mara uliza siku ya kurudi. Surua: mtoto akae nyumbani mpaka zipite siku 4 tangu vipele vitokee, na awe na nguvu. Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yakauke. Upele: akitibiwa leo, kesho aende. Mapunye: akianza dawa, aende. Kuhara: akae nyumbani mpaka kukome, na siku moja au mbili zaidi. Malaria haitoki kwa mtoto hata mtoto mwenziwe. Hukaa nyumbani kwa kuwa ni mgonjwa, apate nguvu.

Sasa chukueni kalamu. Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni barua hii, nanyi mwinakili kwa mkono wenu, mkijaza majina yenu penye nafasi:

Kwa Mwalimu Mkuu. Mwanangu ........, wa darasa la ........, hakuja shule tangu Jumatatu. Ana tetekuwanga. Zahanati wamesema arudi malengelenge yakikauka. Nitamleta mwenyewe. Tafadhali usimfute katika daftari. Ni mimi mzazi wake, ........